Uliza Anasimama Wapi

Brenda, wewe uliyerithi kiti changu kortini, uliniomba nikuandikie mawaidha ya ukalimani, ukurasa mmoja tu, uutundike ukutani. Nimekaa kortini miaka thelathini na ushei nikisema maneno ya watu wengine, na siku ninayopewa nafasi ya kusema yangu naambiwa ukurasa mmoja. Vuta kiti. Wenzako nao wavute vyao. Nitaanzia mwanzo, na nikichelewa kufika mnapotaka, mjue nimestaafu na sina pa kukimbilia.

Nilizaliwa Kosele, kwenye nyumba ya Wasabato ambako siku ya Jumamosi hata kuni hazikupasuliwa. Kiswahili nilikutana nacho shuleni. Huku kwetu Kiswahili ni kama viatu vya Sabato: unavivaa ukienda mbele za watu, ukirudi nyumbani unavivua na kuvisukuma chini ya kitanda. Mimi nilivipenda hivyo viatu kuliko wenzangu, ndiyo sababu nikapata ukarani wa korti kule Migori. Kazi ilikuwa kupanga mafaili asubuhi, na kesi zikianza, kutafsiri Dholuo kwa Kiswahili na Kiswahili kwa Dholuo.

Siku ya kwanza niliaibika kabla ya saa nne. Watu wawili walikuwa wanagombania baiskeli. Shahidi akasema kwamba baina yao kulikuwa na "holo", nami kwa sauti ya kujiamini nikatangaza, "Waliazimana, mheshimiwa." Hakimu akauliza nani alimwazima nani. Nikamgeukia shahidi, naye akarudia neno lile lile. Holo ni kutoa na ni kupokea, kama vile "kuazima" kwenyewe, na mimi nilikuwa nimekwama katikati. Korti nzima ilicheka, hata mdaiwa, ambaye ndiye aliyekuwa na shida.

Mzee Marwa hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa karani mkuu, Mkuria wa upande wa Kehancha, aliyesema Dholuo kutushinda sisi wenyewe, na Kiswahili chake alikinyoosha kwa wajomba zake ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Wakati wa chai alivuta droo akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, lililoshonwa upya kwa uzi wa gunia. Ndani aliandika maneno aliyoyaita maneno ya milango miwili. Mbele ya kila neno hakuandika maana. Aliandika swali. Kwenye "holo" palikuwa na maneno haya: "Uliza kitu kilitoka mkononi mwa nani."

"Binti yangu," aliniambia, "ukilikuta neno la namna hii usiliruke. Sema, 'Mheshimiwa, mkalimani anaomba ruhusa kuuliza.' Hakimu atanuna. Mwache anune, hiyo si kazi yako."

Sentensi hiyo nimeisema mpaka mume wangu akawa ananitania nayo nyumbani nikimuuliza habari za sukari. Mahakimu hawaipendi kwa sababu inakula muda. Lakini Mzee Marwa aliisema bila kupepesa macho, kwa hakimu mpole na kwa hakimu mkali, na sikuwahi kuona faili lake likirudishwa.

Alinifundisha pia kusema kwa nafsi ya kwanza. Shahidi akisema "niliiba", mkalimani hasemi "anasema aliiba". Anasema "niliiba", basi. Kwa hiyo mimi nimekiri wizi wa ng'ombe mara nyingi kuliko mtu yeyote wa kaunti ya Migori. Nimeachika, nimezaa nje, nimechoma nyumba ya shemeji, na yote nimeyasema nikiwa na sketi iliyopigwa pasi. Vifaa vyangu vilikuwa vichache: Biblia ya kuapisha iliyolegea mgongo, kidau cha wino cha wasiojua kusaini, chupa ya maji ya vuguvugu, na lile daftari, ambalo Mzee Marwa aliniachia siku aliyostaafu. Alinipa mkononi, akaenda zake kulima mahindi.

Nikahamishwa Homa Bay, kisha Oyugis, kisha Ndhiwa, kisha nikarudi nilikotoka kama mtu anayezunguka soko. Kesi zikabadilika mbele ya macho yangu. Mwanzoni ilikuwa ng'ombe na mipaka ya mashamba. Baadaye ikawa mikopo: mikopo ya pikipiki, mikopo ya vyama vya akina mama, mikopo ya simu. Ikaja na sheria ya kumlinda mtumiaji, inayosema mkopaji na mdhamini waelezwe waziwazi wanachokubali, gharama yote itajwe, wala mtu asidanganywe. Sheria nzuri sana. Taabu ilikuwa moja tu: iliandikwa kwa Kiingereza, na waliokuwa wakiililia waliongea Dholuo. Katikati yao nilikuwa mimi na maji yangu ya vuguvugu.

Nawapa kesi moja ya mikopo ya simu, maana naikumbuka kwa furaha. Mwalimu mmoja alikopa akachelewa kulipa. Wakopeshaji wakatuma ujumbe wa kumtukana kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yake, na mmoja ukamfikia mama mkwe wake. Nyinyi mnajua maro ni nani kwa mwanamume wa Kijaluo. Hata kula mbele yake hali. Wakili akamtaka mwalimu ausome ujumbe ule kwa sauti, naye akakataa katakata. Hakimu, mtu wa Pwani, akadhani anaficha ushahidi. Nikaomba ruhusa nikamuuliza kwa nini hasomi. Akajibu, "Siwezi kutaja matusi hayo na maro katika pumzi moja." Nikatafsiri vivyo hivyo na nikaeleza maro ni nani. Hakimu akauchukua ujumbe, akausoma mwenyewe kimya, akavua miwani. Mwalimu alishinda.

Baada ya kesi ile kichwa kilinivimba, sifichi. Mawakili walikuwa wakiniita Profesa. Nikaanza kuliacha daftari nyumbani kwenye kabati, chini ya vitambaa vya meza, kwa kuwa nilijiona nimelimaliza.

Ndipo akaja Mama Dorsila. Korti niliyokuwamo wakati huo naomba nisiitaje, maana kosa lilikuwa langu, si la jengo. Dorsila alikuwa mjane, Mkatoliki wa kuamka misa ya alfajiri, mwenye viatu vya mpira na kitambaa cheupe kichwani. Alinunua njugu kutoka Ndhiwa, akazikaanga, akazisaga siagi sokoni kwa mashine ya mota aliyoinunua kidogo kidogo tangu mumewe afariki. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha wajukuu watatu. Sasa ilikuwa imebebwa na dalali na kufungiwa kwenye ua wake ikingoja mnada.

Kampuni ya mikopo, ambayo siku hizi imefunga mlango, ilidai hivi: msichana aitwaye Mercy alikopa mtaji wa mitumba akashindwa kulipa, na Dorsila ndiye mdhamini wake, aliyeweka mashine rehani. Fomu ilikuwa na alama ya dole gumba lake. Kijana wa msaada wa sheria wa parokia alimsaidia kuandika maombi ya kuzuia mnada. Kesi yote ilikuwa swali moja: mama huyu alikubali kuwa mdhamini, au hakukubali?

Wakili wa kampuni akamuuliza, "Mama, wewe ni nani kwa Mercy?"

Dorsila akanyoosha mgongo. Alijibu kwa fahari, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Nachung' ne."

Yaani, nilimsimamia. Neno hilo nilikuwa nimelisikia mara mia katika kesi za vyama. Wanachama wanadhaminiana, na kila mmoja akifika kizimbani husema amesimama kwa mwenzake. Ulimi ukatangulia. "Nilimdhamini," nikasema, kwa nafsi ya kwanza, kama nilivyofundishwa. Hakimu akaandika. Wakili akaketi, hakuhitaji swali la pili. Mimi nilitazama saa nikaona tumewahi chakula cha mchana.

Wiki iliyofuata uamuzi ukasomwa. Mama amekiri udhamini kwa kinywa chake, maombi yanatupwa, mashine iuzwe baada ya siku kumi na nne. Nilimtafsiria, lakini mambo ya korti huenda mbio, na tulipotoka akanishika mkono pale barazani, akaniita binti wa Kosele.

"Nyar Kosele, wamesema nini hasa?"

"Wamesema ulikiri, Mama."

"Nilikiri saa ngapi?"

"Pale uliposema ulimsimamia Mercy."

Akanitazama. Afadhali angekasirika. "Nilimsimamia kanisani," akasema. "Alikuwa na miezi mitatu. Nilimbeba, nikashika na mshumaa, padri akammwagia maji. Huyo kijana wa mkopo alikuja kwangu akasema anatafuta mtu wa kumsimamia Mercy. Nikamwambia, basi umefika, ni mimi. Akasema niweke kidole. Hata kanisani niliweka kidole kwenye kitabu."

Brenda, wewe ni Mkatoliki, wewe ungelijua hilo hata ukiwa usingizini. Mimi ni Msabato. Kwetu mtoto mchanga habatizwi. Mimi nilizamishwa mtoni nina miaka kumi na minne, kwa miguu yangu mwenyewe, wala hakuna aliyenisimamia ila baridi. Miaka yote hiyo nimeishi na Wakatoliki, nimekula harusi zao na matanga yao, na haikunijia kwamba msimamizi wa mtoto anaweza kuitwa kizimbani. Nilikaa kwenye benchi la mashahidi.

Jioni hiyo, kabla sijavua viatu, nilitoa vitambaa vya meza vyote kabatini. Daftari lilikuwa limeshika unyevu pembeni. Sikuhitaji kutafuta. Ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu, kwa mwandiko wa Mzee Marwa: "Chung'. Uliza anasimama wapi." Lilikuwa mikononi mwangu tangu siku aliyostaafu.

Nikampigia. Alikuwa amezeeka na sikio moja halisikii, ikabidi nipige kelele aibu yangu mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Mzee, nimekosea tafsiri. Kwenye chung'."

Akasema, "Ukurasa wa kwanza."

"Ndiyo, mzee."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani kwake. Mashine itauzwa baada ya siku kumi na nne."

"Basi mbona unaongea na mimi?" akasema. "Kesho ingia kwa hakimu kabla hajanywa chai."

Niliingia kabla ya chai. Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mkavu wa maneno. Nilikuwa nimeandika kiapo usiku ule, kurasa mbili, kwamba tafsiri ilikuwa mbovu na aliyeitafsiri ni mimi. Alikisoma chote akakiweka mezani.

"Unajua haya yanaweza kukurudia?"

"Najua, mheshimiwa."

"Umebakisha miaka mingapi ustaafu?"

"Minne."

"Na kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana. Yule mama hakuwa na mdomo mwingine humu ndani, mheshimiwa. Mdomo wake ulikuwa mimi."

Alivuta faili, akaandika amri mnada usimame mpaka maombi ya mapitio yasikizwe, akaita karani mwingine akaipeleke kwa dalali. Nilitaka kuipeleka mwenyewe. Alinikataza, akaniambia tangu siku hiyo katika faili lile mimi ni shahidi.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa kama siku ile. Mkalimani aliletwa kutoka korti nyingine, nami nikapanda kizimbani. Biblia ile iliyolegea mgongo, niliyowashikisha maelfu ya watu, niliishika mwenyewe. Kusema maneno yangu mwenyewe mbele ya hakimu sikuwa na mazoezi nayo. Nilieleza neno moja na milango yake miwili. Wakili wa kampuni akaniuliza kama Profesa amezeeka. Nikamjibu kwamba ndiyo, lakini neno halijabadilika.

Kisha akapanda afisa wa mikopo, kijana nadhifu mwenye tai.

"Ulimweleza mama huyu kwa lugha gani?" hakimu akauliza.

"Kiswahili, mheshimiwa."

"Ulisema nini hasa?"

"Nilisema tunataka mtu wa kumsimamia Mercy."

"Kumsimamia wapi?"

Kijana akamtazama wakili wake. "Kwa loan, mheshimiwa."

"Ulimwambia hivyo? Kwa mkopo?"

"Nilidhani inajulikana."

"Na mashine? Uliitaja?"

"Iko kwa fomu, mheshimiwa."

"Fomu iko kwa lugha gani?"

"Kiingereza," akasema, na sauti ilishuka mpaka mkalimani akamwomba arudie.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Hakimu alisema sheria ya kumlinda mtumiaji imeliona jambo hili kabla yetu: neno la makubaliano likiwa na maana mbili, na zote zina mantiki, litasomwa kwa faida ya mtumiaji. Mama alikubali kwamba alimsimamia Mercy kwenye ubatizo. Hakukubali kitu kingine, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kitu kingine. Mashine irudi. Niliandikiwa barua ya onyo kwa kosa langu, nayo imo kwenye faili langu la utumishi hadi leo. Sikuikatia rufaa, maana ilisema kweli.

Nilikwenda na Dorsila kwenye ua wa dalali. Mashine ilikuwa chini ya turubai, na turubai lilipofunuliwa harufu ya njugu ikatoka. Zile za siku iliyobebwa zilikuwa zimekauka ndani. Dorsila akaingiza vidole akazikwangua, akazipanguza kwenye leso yake, akaigonga mashine ubavuni mara mbili kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. Halafu akaniambia anakwenda kumtafuta Mercy alikojificha kwa aibu, huko kwa mumewe, mjini Awendo, amrudishe wasage pamoja ili msichana alipe deni lake.

Nilikasirika, wallahi. "Mama, tumekuhangaikia hivi, mimi nimepata onyo, halafu unakwenda kulipa?"

"Mercy ndiye atalipa. Mimi nitampa kazi, na siku akipungukiwa nitamjazia." Aliyasema kwa Dholuo, nami nawapa kwa Kiswahili, safari hii kwa uangalifu. "Nikimpa, ninampa mimi. Wale walikuwa wananinyang'anya. Na bado nilimsimamia, au umesahau?"

Nililirudisha daftari kwenye mkoba siku hiyo na halikulala tena kabatini.

Sherehe ya kuniaga mliiona. Hema liliwekwa uani, soda zikawa moto, mawakili wakasema urefu wa treni. Mkuu wetu mpya, asiyejua Dholuo, alikuwa ameketi mbele, na wewe Brenda ulikuwa ukimtafsiria kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Daftari nilikuwa nimekupa asubuhi, na nilifurahi kuliona likichungulia kwenye mkoba wako. Mshereheshaji akauliza kama kuna mwananchi wa kusema neno. Jina la Dorsila halikuwa kwenye orodha. Aliinuka mwenyewe kule nyuma, na Mercy kando yake amebeba chupa ya siagi ya njugu, akaja mbele na viatu vyake vya mpira. Akapewa kipaza sauti. Akanitazama akasema maneno mawili tu.

"Nachung' ne."

Ulifungua mdomo, Brenda. Nilikuona. Kisha ukaufunga, ukamgeukia mkuu ukasema, "Mheshimiwa, mkalimani anaomba ruhusa kuuliza." Watu walicheka wakidhani ni mzaha wa sherehe. Mimi sikucheka. Machozi yalikuwa yamekwisha kunitoka na sikuyapanguza.

Ukamuuliza kwa Dholuo, taratibu, "Mama, unamsimamia wapi?"

Dorsila akakutazama kana kwamba umemuuliza njia ya kwenda jikoni kwake. Akaweka kipaza sauti mezani, akazunguka meza, akaja akasimama kando ya kiti changu, mkono wake begani mwangu.

"Ka," akasema.

"Hapa," ukatafsiri, na hukukosea.